Tulivyoliuliza Bomba

Mwalimu yule alisema maji hayana akili, na ndiyo maana yanaaminika. Watu wana akili, kwa hiyo ukiwauliza wanakujibu wanavyotaka. Maji ukiyauliza yanakujibu yalivyo. Nilikuwa nimekaa nyuma kabisa, juu ya gogo, kapu langu la ndizi zilizokosa mnunuzi likiwa miguuni, nikawaza kwamba huyu ama ana elimu kubwa mno, ama jua la kambini limempata. Mpaka leo sithubutu kusema naelewa hata robo ya aliyofundisha. Ila hilo la maji nalielewa, kwa kuwa lilifika siku nikalazimika kulitumia.

Ilikuwa miaka ya tisini, kambi zilipojaa upande wetu. Kakonko na Kasanda bado zilikuwa ndani ya wilaya ya Kibondo. Sisi wa vijijini tulipeleka ndizi, mihogo na maharage kwenye soko lililoota pembeni mwa kambi ya Mtendeli, na wakimbizi wakatuuzia unga wa njano, mafuta na sabuni. Darasa lilikuwa karibu na soko: turubai juu ya miti, na ubao uliopakwa masizi. Mwalimu alikuwa Mrundi mwembamba mwenye koti moja. Kwao alikuwa akifundisha chuoni hisabati wanayotumia watu wa fizikia, ile ya mawimbi na joto, ambapo mtu anaandika herufi ubaoni akajua chuma kitapoa lini kabla hajakigusa. "Fizikia ya nadharia," alisema, "ni kufika mahali kabla ya miguu yako." Asubuhi alifundisha vijana. Mchana, aliyetaka kukaa alikaa. Mimi nina darasa la saba tu, na herufi zikikaa kwenye hesabu badala ya namba bado natokwa jasho, lakini nilikaa.

Kilichonishika ni kompyuta yake. Wala hakuwa nayo. Alisema mwaka wa mwisho wa masomo yake aliiona moja ya namna ya pekee. Hukuielekeza hatua kwa hatua kama unavyomfundisha mtoto kusonga ugali. Uliipa mambo unayoyajua, ukaipa na kanuni za "kama hivi, basi vile", kisha ukauliza swali. Yenyewe ilianza mwisho ikarudi nyuma: ili jibu hili liwe kweli, ni kanuni gani ingelileta? Na kanuni hiyo inataka nini? Na hicho nacho kinataka nini? Mpaka ifike kwenye jambo linalojulikana, au igonge ukuta. Basi akatufanya sisi kuwa kompyuta. Kila mmoja alishika kanuni yake, swali likapita kutoka mtu hadi mtu, na majibu tukayatoa kwa lugha ya nyumbani, maana Kiha na Kirundi ni ndugu: ego ni ndiyo, oya ni hapana.

Jirani yangu wa sokoni, muuza dagaa, alikuwa akichungulia chini ya turubai. "Katibu," akaniita siku moja, "ndizi zako zimeiva hadi zinanuka, na wewe umekaa unaitikia ego, ego, kama bibi harusi. Huyo mwalimu ameshatoa mahari?"

Katibu nilikuwa kweli, katibu wa kamati ya maji ya kijiji. Walinichagua kwa sababu mwandiko wangu unasomeka na kwa sababu kamati ilitakiwa iwe na wanawake. Sidhani kulikuwa na sababu ya tatu.

Maji yetu yalishuka yenyewe kutoka kwenye chemchemi mlimani. Pale chemchemi kulikuwa na chemba ya saruji yenye mfuniko wa chuma na kufuli, na ndani yake mabomba mawili, kila moja na koki yake: moja la kitongoji cha Juu, moja la kwetu, Bondeni. Ufunguo alishika mlinzi wa chanzo. Kiangazi cha mwaka huo bomba la Bondeni likakauka. La Juu likaendelea kutoa, ingawa kidogo.

Huyo mlinzi naomba nimweleze kwa haki. Alikuwa mkali. Aliwahi kunifukuza chemchemini na nguo zangu za kufua mbele za watu, na alikuwa sahihi, ila mdomo wake ulikuwa na miiba. Chini ya chemba alilima kabichi, na kiangazi kile kabichi zake zilikuwa za kijani kuliko kitu chochote kijijini. Alikuwa amevuka mpaka akiwa kijana, zamani, kabla ya kambi hizi. Akaoa kwetu, akazaa kwetu, akazika mtoto kwetu. Karatasi hakuwa nazo. Miaka hiyo watu wa namna yake walitakiwa wakae kambini, na kijiji kilikuwa kimemnyamazia tu. Kunyamaza huko ndiko kulikokuwa karibu kwisha.

Aliyemshitaki ni fundi matofali wa Bondeni. Naye nimweleze kwa haki. Hakuwa mtu mbaya. Kiangazi ndio msimu wa matofali, na bila maji hakuna tofali. Mkewe alikuwa akichota maji ya kinamasini kama mimi, na mtoto wao alikuwa anaharisha. Alisimama mkutanoni, udongo ukiwa umekauka mpaka viwikoni.

"Anafunga koki yetu anamwagilia kabichi," alisema. "Sisi tukipanda kwenda kutazama, anatuona tangu mbali, anafungua. Tukishuka, anafunga."

"Mmeniona nikifunga?" mlinzi akauliza.

"Wewe umeonekana ukifungua?"

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, na nilimwamini fundi. Ndoo ya kinamasi ilikuwa inanikata shingo kila asubuhi, na mtu aliyechoka hupenda mkosaji awe na uso. Mwenyekiti akasema jambo litaamuliwa mkutano ujao, baada ya maharage kuvunwa. Akionekana na hatia, kijiji kitamkabidhi kwa wakubwa wampeleke kambini, yeye na watoto wake. Kamati ya maji ilete maelezo, na katibu ayaandike.

Mkewe alinifuata njiani. Hakulia wala hakunisihi. Alisema tu, "Dada, ukiandika, andika unachokijua." Hilo lilinisumbua kuliko machozi, kwa sababu nilipojiuliza ninajua nini, nilikuta karibu hakuna.

Siku ya soko nikampelekea mwalimu habari yote. Alifuta ubao wake wa mawimbi akaandika juu kabisa: maji yanafika Bondeni. Chini yake akaandika: kama chemchemi ina maji, na koki iko wazi, na bomba halijapasuka, na njia haijazibwa.

"Haya, mama. Chemchemi ina maji?"

"Ego. Kidogo, lakini yapo."

"Bomba limepasuka?"

"Oya. Vijana wamelifuata lote, hakuna mahali palipolowa."

"Koki iko wazi?"

"Hatujui," nikasema.

Akageuka. "Mashine haina neno hilo. Kisichothibitishwa, mashine inakihesabu ni oya."

"Basi mashine yako ni kama kijiji chetu," nikasema. "Yeye hakuweza kuthibitisha kwamba alifungua, tukahesabu alifunga."

Nikaona aibu, nikadhani nimemkosea mgeni. Lakini mwalimu alicheka, akakaa juu ya kiti chake kibovu. Alisema wakubwa wake walibishana juu ya jambo hilo hilo miaka na miaka, na wengine wao hawakusalimiana tena. Kisha akachora safu tatu ubaoni: ego, oya, na juu ya ile ya tatu akaandika: hatujui. "Kazi yako, mama," akasema, "ni kuimaliza safu hii. Lakini usiwaulize watu. Liulize bomba. Fikiria jaribio ambalo, kama mlinzi ni mwizi, litajibu hivi, na kama si mwizi, litajibu vile. Jaribio linalojibu sawasawa pande zote mbili ni kelele."

Nilirudi nikalala na neno hilo. Kisha nikamwendea mwenyekiti nikaomba jambo dogo: ufunguo wa chemba akae nao fundi matofali mwenyewe. Aifungue koki ya Bondeni kwa mkono wake, apige kufuli, na wanawe washinde pale. Mlinzi asisogee. Fundi alifurahi sana. Alifungua koki mpaka mwisho, akafunga kufuli, akaning'iniza ufunguo shingoni kama msalaba.

Bondeni hayakufika hata matone.

Nilidhani hapo kesi imekwisha. Sikuwa nimewajua watu. "Basi ameziba ndani," fundi akasema. "Ametia matambara kabla ya kunipa ufunguo." Na kusema kweli, lilikuwa jambo linalowezekana. Koki ikahamia kwenye safu ya ego, lakini "njia imezibwa" ikabaki kule kwenye hatujui, na mlinzi akabaki naye pale pale.

Mwalimu alipopata jibu hilo alikuna kidevu. Akachora mlima, chemchemi juu, Bondeni chini, na mstari wa bomba. Akaandika herufi zake, tatu zimebanana, akanieleza kwamba zikibanana hivyo maana yake ni kuzidisha: uzito wa maji, mvuto wa dunia, na kimo. "Maji hayajui umbali," alisema. "Yanajua kimo tu. Kimo ndicho kinachoyasukuma. Sasa niambie, bomba hilo kuna mahali linapanda?"

"Oya. Linashuka tu."

"Una hakika?"

Hakika sikuwa nayo. Mtaro ulipochimbwa nilikuwa Kasulu kwa mama yangu, nimetoka kujifungua. Kila kitongoji kilichimba kipande chake, na mimi nilikuta udongo umeshafukiwa na majani yameota. Kwa hiyo jioni ile ile nikaenda kwa mlinzi. Nilimkuta akinoa panga mlangoni, akaniangalia kama mtu anayemwona karani wa mahakama.

"Bomba letu linashuka moja kwa moja?" nikamuuliza.

"Nani kakudanganya? Tulilipandisha mgongoni."

"Mgongo upi?"

"Ule wa juu ya msitu. Vigingi vya mpimaji vilipita chini, katikati ya msitu walikozikwa wami, watawala wetu wa zamani. Wewe ungetia jembe pale? Hata huyo fundi wako alikuwepo, naye ndiye wa kwanza kutupa sururu akakataa. Tukang'oa vigingi, tukazunguka kwa juu. Pale ni mwamba, tukaweka bomba la chuma."

"Mlimwambia mpimaji?"

"Alikuwa ameshakwenda zake. Na tungemwambia nini? Kwamba watu wamelala?"

Kijiji kizima kilijua, kasoro mimi, na hakuna aliyeficha. Kwetu lilikuwa jambo la adabu, si jambo la maji. Mtu haulizwi kwa nini hakukanyaga kaburi. Na kwa kuwa masika ya kwanza maji yalifika vizuri tu, hakuna aliyelikumbuka tena.

Mwalimu nilipomwambia alishika kichwa kwa mikono miwili. "Mama, siku zote nimetafuta mtu, kumbe ni kilima." Akachora mgongo ule kwenye mstari wake, karibu sana na usawa wa chemchemi. Masika, alisema, maji ni mengi, yanaupita mgongo kwa nguvu. Kiangazi maji ya chemba yanashuka hadi mdomoni mwa bomba, na bomba linameza hewa kama mtoto anayenyonya titi lisilojaa. Hewa ni nyepesi, inakwenda kukaa mahali pa juu kuliko pote, yaani pale mgongoni. Na kimo cha chemchemi juu ya mgongo ni kidogo mno kuisukuma itoke. La kitongoji cha Juu halina mgongo, kwa hiyo halisumbuki.

"Kwa hiyo si matambara," nikasema.

Akainua chaki. "Safu gani hiyo?"

"Hatujui," nikajibu, na darasa likacheka.

Tukapanga jaribio. Juu ya mgongo, kwenye lile bomba la chuma, nifunge koki ndogo inayotazama juu, kisha nifungue. Kama kuna tambara kabla ya mgongo, bomba litakaa kimya. Kama tambara liko baada ya mgongo, maji yataruka hapo hapo. Kama ni hewa, bomba litapumua kwanza, kwa muda, kisha litakohoa, kisha maji. Na ili kuondoa uwezekano wa vyote viwili pamoja, nikishafunga koki, maji yatoke Bondeni. Vinginevyo sijathibitisha kitu. Mwalimu mwenyewe asingeweza kuja, wakimbizi hawakuruhusiwa kwenda mbali na kambi. Aliponiaga alisema kwa sauti ya chini, "Nikiwa nimekosea, yule mtu atafukuzwa kwa chaki yangu." Nikamjibu itakuwa kwa spana yangu, tugawane.

Vifaa Kibondo mjini sikuvipata. Nilikuwa nampelekea mama maharage Kasulu, nikapanda lori, nikaingia duka la vifaa la mzee mmoja mwenye kofia nyeupe, asili yake Pwani.

"Karibu mama. Watafuta nini?"

"Kitu cha kuliwezesha bomba lipumue."

Alinitazama, kisha akamgeukia mkewe aliyekuwa akipanga misumari. "Bibi, umesikia? Miaka yote hii nauza vitu vya kufunga, leo amekuja mtu anataka pumzi." Lakini aliponiacha nieleze, hakucheka tena. Akanitolea tii ya chuma, kile kiungo chenye midomo mitatu, na koki ndogo ya shaba, akaingiza moja ndani ya nyingine kunionyesha. "Ikitoa maji, mama, uje unieleze. Isipotoa, bidhaa ikiuzwa hairudi."

Siku yenyewe watu walikuja mgongoni kama wanaokwenda sherehe. Tulikuwa tumefunga koki ya chembani, fundi bomba kutoka Kakonko akakata chuma, akafunga tii na koki yangu juu. Fundi matofali akatumwa chembani na ufunguo wake afungue, kisha akaja mbio kwetu, hakutaka kusimuliwa. Mlinzi alisimama mbali kidogo, mkewe kando yake. Bondeni kwenye bomba tulikuwa tumewaacha wanawake na ndoo, na vijana wamepangwa mteremkoni kupokezana sauti.

Tulingoja maji yapande. Mwenyekiti akaniambia, "Haya katibu, fungua, au tunangoja bomba lipigwe deki kwanza?"

Nilifikiri, heri ningewaachia wenye elimu. Nikazungusha.

Kimya.

Fundi matofali akavuta pumzi ili aseme. Na kabla hajasema, bomba likasema. Kwanza kama nyoka ndani ya majani, kisha kwa nguvu, filimbi ndefu iliyowafanya watoto warudi nyuma. Lilipumua, likapumua, hewa yenye harufu ya kutu ikinipiga usoni. Kisha likakohoa, likatema matope, likakohoa tena, na maji yakasimama juu ya koki, mafupi, yamenyooka, kama yalivyochorwa ubaoni. Hayakuzidi urefu wa kiganja. Kimo kilikuwa kidogo kweli.

Nikafunga. Sasa ilikuwa zamu ya Bondeni. Nilimwona mke wa mlinzi ameketi chini, si kwa kuchoka. Tuliangalia mteremko ambao hauna kitu cha kuangaliwa, nyasi tu. Kisha sauti ikaja, kwanza mbali, vigelegele vya wanawake, halafu kijana wa chini akampa wa kati, na wa kati akatupa sisi: "Yametoka. Wanasema yametoka, wanasema mlete ndoo zaidi."

Mimi nilikaa juu ya jiwe nikacheka mpaka nikaumwa mbavu. Watu walinikumbatia, mmoja akanimwagia maji ya matope kichwani. Sijawahi, kabla wala baada, kuwa na uhakika wa kitu namna ile. Nilitaka mwalimu asikie vigelegele vile, ila upepo ulikuwa unavuma upande mwingine.

Mkutanoni nilisoma maelezo ya kamati. Yalikuwa mafupi: koki ilikuwa wazi, bomba lilikuwa zima, tambara halikuwepo, hewa ilikuwepo, na sababu yake ni mgongo tulioukubali sote kwa heshima ya waliozikwa. Fundi matofali akaomba nafasi. Nilidhani atatafuta mlango mwingine wa kutokea.

"Nilikuwa na ufunguo shingoni," alisema, "na maji yangu yalikauka vile vile. Nilipaswa kuona tangu siku ile. Mgongo ule nilisaidia kuuchimba." Akauvua ufunguo, akaenda hadi alipokaa mlinzi. "Chukua, bwana. Umenikwaruza shingo."

"Na wanao," mlinzi akasema, "wamenikanyagia kabichi." Lakini aliupokea kwa mikono miwili.

Mwenyekiti akauliza kama kuna anayetaka jambo la mlinzi lipelekwe mbele. Hakuna mkono uliopanda. Akauliza tena, polepole, ili asije mtu akasema hakusikia. Kisha akaniambia niandike kwamba huyu ni mtu wa hapa, na ndiye atakayekuwa anakwenda mgongoni kila kiangazi kulipumulisha bomba.

Mwalimu nilipomweleza, aliniuliza kwanza maji yaliruka urefu gani. Nikamwonyesha kiganja. Akaandika hesabu haraka, akahesabu tena, akageukia darasa akawaambia wasimame. Walinipigia makofi, wanafunzi wa sekondari, wakinipigia mimi wa darasa la saba. Nikawaambia wampigie na yeye, na wakampigia, akainamisha kichwa kama mtoto aliyesifiwa.

Mvua za kwanza ziliponyesha nilipita kwa mlinzi. Alikuwa amechimba mashimo mstari mrefu nyuma ya nyumba, na miche ya kahawa iko kivulini inangoja. Kahawa haikupi kitu mwaka huu wala ujao. Anayekaa akitazama njia haipandi. Mkewe alikuwa anamshikia mche, yeye anafukia kwa mikono, na aliponiona hakusimama.

"Katibu," alisema, "usisimame hapo, utaukanyaga."